Kionjo cha Sehemu Ijayo: Historia ya Ahadi kwa Mtazamaji wa Televisheni

Kionjo cha sehemu ijayo, yaani vipande vifupi vya picha na sauti vinavyomdokezea mtazamaji yatakayojiri katika sehemu inayofuata ya tamthilia, kina asili iliyotangulia televisheni. Katika majumba ya sinema ya Marekani filamu za mfululizo zilionyeshwa sura moja kila wiki, na Flash Gordon ya mwaka 1936, yenye sura 13, ilizoea kumwacha shujaa wake hatarini mwishoni mwa sura, kisha ikawaalika watazamaji warudi wiki iliyofuata kuona kama alinusurika.

Televisheni iliurithi mtindo huo, lakini ilibidi iubadilishe kulingana na aina ya visa vyake. Katika The Twilight Zone, iliyoanza kurushwa na CBS Oktoba 1959, kila sehemu ilikuwa na kisa kinachojitegemea na wahusika wapya, hivyo hapakuwa na shujaa wa kuachwa hatarini. Mwanzilishi wake, Rod Serling, ambaye katika msimu wa kwanza kwa kawaida alisikika tu bila kuonekana, alijitokeza mbele ya kamera baada ya kisa kumalizika na kueleza kwa maneno machache kile cha wiki iliyofuata.

Mwaka 1966 ulileta njia mbili zilizotofautiana. Batman, iliyorushwa na ABC Jumatano na Alhamisi, ilikatisha kisa shujaa akiwa mtegoni, na sauti ya mtayarishaji William Dozier ikawahimiza watazamaji warejee kesho yake saa ileile na kituo kilekile. Mission: Impossible ya CBS iliweka kionjo mwanzoni: utambi uliowashwa ulikimbia kwenye skrini huku picha za matukio ya usiku huohuo zikipita haraka kwa muziki wa Lalo Schifrin. Lengo la kionjo hiki halikuwa kumrejesha mtazamaji siku nyingine, bali kumzuia asihamie kituo kingine.

Nchini Japani kionjo kilipata nafasi ya kudumu mwishoni mwa tamthilia za katuni. Katika Neon Genesis Evangelion, iliyoanza Oktoba 1995, msimulizi wa vionjo alikuwa Misato, mmoja wa wahusika wenyewe, aliyewaahidi watazamaji burudani zaidi. Mad Men, iliyoanza mwaka 2007, ilifuata njia nyingine: mwanzilishi wake, Matthew Weiner, aliyechukia siri za hadithi kufichuliwa mapema, aliruhusu vionjo vya maneno yaliyokatwa-katwa ambayo hayakufichua lolote.

Netflix ilipotoa sehemu zote 13 za msimu wa kwanza wa House of Cards kwa mkupuo, tarehe 1 Februari 2013, muda wa kusubiri uliokuwa umekizaa kionjo uliondoka, kwa kuwa sehemu inayofuata ilikuwa tayari mkononi mwa mtazamaji.

Kwa kuwa kionjo hufungamana na ratiba ya wiki yake, ndicho kinachotupwa kwanza tamthilia inaporudiwa. Hata maelezo ya Serling yaliondolewa katika marudio mengi. Hasara hiyo si ndogo, kwani kionjo hueleza namna mtayarishaji alivyomfahamu mtazamaji wake, alichoamini kingemvuta na alichoona ni lazima kifichwe. Wahifadhi wa kumbukumbu za televisheni, popote walipo, hawana budi kukitunza pamoja na tamthilia yake, maana bila kionjo tamthilia huhifadhiwa nusu.