Mwenye Kungoja Chombo Bora na Sauti Ipitayo



Kila mwaka, hasa Ramadhani inapokaribia, hunijia watu kutaka shauri katika jambo ambalo kwa dhahiri yake si la dini. Mmoja ataka kununua mitambo ya kusikilizia, amplifaya na spika zake. Mwengine ataka kinasa sauti kwa ajili ya darsa. Fedha anazo, lakini ameambiwa kwamba mwakani itatoka namna mpya iliyo bora, na huenda ya sasa ikashuka bei. Je, anunue leo au angoje? Mitambo hiyo wenyewe huiita "hai-fai", na mzee wetu mmoja alipowasikia alidhani wasema "haifai", akawapongeza kwa uchaji wao!

Sitalijibu swali hili kwa neno moja. Nitalijibu kwa historia, kwani historia ni mwalimu asiyechoka kurudia somo. Na hukumu ya muziki tuiweke kando. Wanavyuoni wameiandikia vitabu. Leo twazungumza juu ya chombo, na chombo hufuata mkono wa mwenyewe: kisu kimoja huchinja mnyama wa Idi, na kisu hicho hicho chaweza kumwaga damu isiyo halali.

Katika mwaka 1877 Thomas Edison wa Marekani aliweza kuinasa sauti ya mwanadamu kwa sindano iliyochora mistari juu ya mcheduara uliovikwa karatasi ya madini. Miaka 10 baadaye, 1887, Emile Berliner akaleta sahani ya bapa badala ya mcheduara, na hiyo ndiyo asili ya santuri. Watu walionunua mashine za mcheduara waliziona zikipitwa, na ilipofika mwaka 1929 kampuni ya Edison mwenyewe iliacha kuitengeneza michoro yake. Santuri za zamani zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua dakika 3 au 4 hivi. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ikatoa santuri ndefu, yenye kuzunguka mara 33 na thuluthi, iliyochukua zaidi ya dakika 20 kila upande. Mwaka uliofuata RCA Victor ikatoa yake ya mizunguko 45. Mnunuzi akabaki katikati, hajui afuate ipi. Mwaka 1958 zikaingia sokoni santuri za stirio. Mwaka 1963 Philips ikaonyesha kanda ya kaseti. Na mwaka 1982 sahani ya sidi ikaanza kuuzwa Japani.

Basi mwenye kungoja ana hoja, nasi tusimdhulumu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitangaziwa watu mitambo ya spika 4, mbili mbele na mbili nyuma. Makampuni hayakupatana, kila moja ilileta namna yake, na santuri ya huyu haikusikika sawasawa katika mtambo wa yule. Kabla ya miaka kumi hiyo kwisha, biashara ile ilikuwa imekufa. Kadhalika mwaka 1992 Philips ilileta kaseti ya namna mpya ya kidijitali, na mwaka 1996 ikaachwa. Waliokimbilia walibaki na vyombo visivyo na kanda wala fundi. Haraka, kama wasemavyo wahenga, haina baraka.

Lakini tazama upande wa pili. Namna hizi zilipokezana kwa zaidi ya miaka 100, na hakuna mwaka hata mmoja ambao mtu angaliweza kusema: "Sasa kimefika kilicho bora, hakuna kingine kitakachokuja." Aliyengoja santuri ndefu aliipata akaambiwa angoje stirio, aliyengoja stirio akaambiwa angoje sidi, na mwenye sidi akaambiwa vitu hivyo vyote sasa vimo ndani ya simu. Na ajabu zaidi, katika mwaka 2022 huko Marekani ziliuzwa santuri nyingi kuliko sidi. Kilichotupwa kikaokotwa! Mwenye kungoja mwisho wa mambo haya ni kama mtu aliyesimama ufukweni akingoja mawimbi yaishe ndipo aoge.

Sasa tuulize: katika muda huo wote wa kungoja, ni kitu gani kilichokuwa kikipita? Hapa ndipo penye shabaha ya maneno yangu. Chombo huja kingine, lakini sauti ya mja hairudi.

Hapa kwetu pwani, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kuimba kwa ajili ya santuri za His Master's Voice. Santuri za wakati ule zilikuwa fupi, zenye mkwaruzo. Lau angengoja zile ndefu, zilitoka 1948, naye alifariki 1950. Na huko Misri, Sheikh Muhammad Rifaat, ambaye kisomo chake ndicho kilichofungua redio ya nchi hiyo mwaka 1934, alifariki pia mwaka 1950. Sehemu kubwa ya kisomo chake kilichobaki ilinaswa majumbani na wapenzi wake kwa mashine walizokuwa nazo. Sauti ina vumbi na mikwaruzo, lakini ni nani leo angekubali kubadilishana nayo ukimya ulio safi?

Kubwa kuliko hayo ni kazi ya Bwana Labib as-Said wa Misri. Mwaka 1959 alitoa rai kwamba Qurani nzima inaswe kwa sauti ya msomaji hodari. Kazi hiyo ilimwangukia Sheikh Mahmud Khalil al-Husary, na mwaka 1961 msahafu wa sauti ukatoka katika santuri. Miaka 2 baadaye ikaja kanda, iliyo nyepesi na rahisi kubeba. Wangengoja? Sheikh al-Husary alifariki mwaka 1980, kabla ya sidi kuuzwa. Kisomo chake kikahamishwa kutoka santuri kwenda kanda, kutoka kanda kwenda sidi, na leo kimo mifukoni mwa watoto wetu. Kilichonaswa huhamishwa; kisichonaswa hakina pa kuhamishwa kutoka.

Bwana Labib aliifananisha kazi yake na ile ya kwanza ya kuikusanya Qurani, na mfano huo watosha kututia akili. Walipouawa mahafidhi wengi katika vita vya Yamama, Sayyidna Umar (r.a.) alimwendea Sayyidna Abubakar (r.a.) akamshauri Qurani ikusanywe. Abubakar alisita mwanzoni, si kwa kutaka vyombo bora, bali kwa kuogopa kufanya asilolifanya Mtume (s.a.w.). Ulipokunjuka moyo wake alimwita Zaid bin Thabit, naye akaikusanya kutoka makuti, mawe bapa, mifupa na vifua vya watu. Karatasi haikuenea katika nchi za Kiislamu ila zaidi ya miaka 100 baadaye. Hawakusema, "Tungoje kiandikio kilicho laini." Waliona wenye kuhifadhi wanaondoka, wakaandika juu ya mfupa.

Ndugu msomaji, nakueleza haya kwa kuwa mimi mwenyewe nilikosa. Mwaka 1984 madrasa yetu ilichanga fedha za kununua redio kaseti ili tumnase mwalimu wetu, mzee aliyetufundisha sote tajwidi, na ambaye tafsiri yake ya juzuu ya Amma kwa Kiswahili ilikuwa ikiwaliza watu. Redio ilikuwako dukani, yenye spika mbili, tumeipigania bei mpaka imeshuka. Mimi, kijana niliyejiona mjuzi, nikasimama mbele ya kamati nikasema tungoje. Mabaharia waliotoka Dubai wamesema kuna mashine mpya, na hii ya kanda itakuwa takataka. Nikasikilizwa. Miezi 5 baadaye mwalimu alirejea kwa Mola wake katika mwezi wa Rajabu. Redio tuliinunua mwaka uliofuata. Ilikuwa nzuri sana, na hatukuwa na wa kumnasa. Leo wajukuu zake huniuliza babu yao alikuwa akisoma vipi, nami hujaribu kuwaigizia, kisha hunyamaza.

Basi shauri langu ni hili. Kwanza, jiulize unanunua kwa ajili ya nini. Ikiwa ni kumpita jirani kwa ukubwa wa spika, basi usinunue leo wala mwakani, kwani kushindana kwa wingi kumekemewa katika Suratut-Takaathur, na maradhi hayo hayaponi kwa mtambo mpya. Pili, usiingie deni kwa kitu cha kusikilizia; Mtume (s.a.w.) alikuwa akijilinda kwa Mola wake na deni. Tatu, ikiwa chombo ulicho nacho chafanya kazi yake, kaa nacho, na kungoja kwako hakutakuwa uzembe bali kinaa. Nne, ukinunua, chukua namna iliyokwisha tulia, ambayo fundi wa mtaani anaijua na vipuri vyake vyapatikana, wala usiwe wa kwanza kujaribiwa.

Na tano, nalo ndilo zito: ikiwa nyumbani mwako yuko mzee mwenye kisomo, au mama mwenye habari za ukoo, au mwalimu mwenye elimu ambayo haijaandikwa, basi usingoje chochote. Tumia kilichomo mkononi, hata kama ni cha kuazima, hata kama ni simu iliyopasuka kioo. Nenda leo baada ya Alasiri, ukae chini, umwombe asome.

Mwenyezi Mungu awarehemu walimu wetu, na atujaalie wenye kuijua thamani ya walio hai kabla hawajatoweka. Wabillahi tawfiq.