Croziflette: Mlo wa tambi na jibini kutoka milima ya Savoie

CROZIFLETTE ni mlo wa tambi, vitunguu na jibini unaookwa hadi uso wake ugeuke rangi ya dhahabu. Asili yake ni Savoie, eneo la milima ya Alps lililojiunga na Ufaransa mwaka 1860.

Tambi zake huitwa crozets. Ni vipande vidogo vya mraba, vyenye upana wa takriban milimita 5, vinavyotengenezwa kwa unga wa ngano au wa sarrasin, mmea unaokomaa upesi na kuvumilia udongo duni. Zikikaushwa vyema hudumu muda mrefu, jambo lililowafaa sana wenyeji waliozingirwa na theluji majira ya baridi.

Jibini yake ni reblochon, ambayo jina lake limebeba historia ya ukata. Inasimuliwa kwamba katika Enzi za Kati, wakulima wa bonde la Thônes walitozwa kodi kwa kadiri ya maziwa waliyokamua. Msimamizi alipofika kupima, hawakumaliza kukamua. Alipoondoka, walikamua tena, na tendo hilo likaitwa reblocher. Maziwa hayo ya mwisho yalikuwa machache lakini yenye mafuta mengi zaidi, yakawapa jibini laini. Tangu 1958, jina reblochon linalindwa kisheria nchini Ufaransa.

Mlo wenyewe, hata hivyo, si wa kale. Katika miaka ya 1980, watengenezaji wa reblochon walieneza tartiflette, mlo wa viazi, ili kuongeza mauzo. Croziflette ilizaliwa humo: viazi viliondolewa, crozets zikachukua nafasi yake.

Mahitaji (watu 4)

Crozets gramu 300
Reblochon 1 ya gramu 450
Vitunguu maji 2
Krimu mililita 200
Nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, gramu 150 (asiyeila hutumia uyoga)
Pilipili manga na kungumanga kidogo

Namna ya kuandaa

1. Crozets huchemshwa katika maji yenye chumvi kwa dakika 15 hivi, kisha huchujwa zikiwa bado ngumu kidogo, kwani zitaendelea kuiva jikoni.

2. Vitunguu hukatwakatwa na kukaangwa kwa moto mdogo pamoja na nyama au uyoga hadi vilainike.

3. Vyote huchanganywa na krimu, pilipili manga na kungumanga. Chumvi haiongezwi, kwa kuwa jibini na nyama tayari zinayo.

4. Mchanganyiko humiminwa katika chombo cha kuokea. Jibini hupasuliwa kwa ubapa na kulazwa juu, ganda likitazama juu.

5. Huokwa katika joko lenye joto la nyuzi 200 kwa dakika 20 hadi 25, hadi jibini iyeyuke na kutokota. Huliwa moto, pamoja na saladi.

Tahadhari

Reblochon hutengenezwa kwa maziwa mabichi. Mwaka 2018, watoto kadhaa nchini Ufaransa waliugua kutokana na bakteria aina ya E. coli iliyohusishwa na jibini hiyo. Wataalamu wa afya hushauri wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano wasile jibini ya maziwa mabichi. Kwao, jibini ya maziwa yaliyochemshwa ni salama zaidi. Palipokosekana crozets, makaroni fupi hufaa.