Dawa na Dhamana ya Taifa

Tukichunguza historia ya uganga katika jamii zetu, twaona kwamba mganga wa jadi aghalabu alirithi elimu ya miti shamba kwa wazee wake, akawatibu watu aliokuwa akiishi nao. Dawa yake ilipodhuru, wa kuulizwa alijulikana, na nyumba yake ilijulikana.

Dawa za viwandani zilibadili uhusiano huo. Kidonge hutoka nchi ya mbali, na anayekimeza hamjui aliyekitengeneza, wala hawezi kukipima kwa macho au kwa ulimi. Hatari hiyo ilidhihirika nchini Marekani mwaka 1937, pale dawa ya maji iliyochanganywa na kiyeyusho chenye sumu ilipoua watu zaidi ya 100, wakiwamo watoto. Sheria ya wakati huo haikumlazimisha mtengenezaji kuthibitisha usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Mwaka 1938 ilitungwa sheria mpya iliyomlazimisha.

Hapa Tanzania Bara, Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978 iliikabidhi Bodi ya Famasi kazi hiyo. Mwaka 2003 ikaanzishwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Na mwaka 2019, usimamizi wa chakula ulipohamishiwa Shirika la Viwango, ikawa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kabla dawa haijauzwa, maelezo yake huchunguzwa, kiwanda hukaguliwa, na sampuli hupimwa maabarani. Vifaa kama sindano na vipimo vya malaria navyo husimamiwa.

Lakini sheria haina budi kumfikia mwanakijiji. Maduka ya dawa baridi yaliruhusiwa kuuza dawa chache tu, hali mahitaji ya wagonjwa yalikuwa makubwa. Baadhi ya wauzaji wakauza zilizokatazwa kwa siri. Mwaka 2003, mkoani Ruvuma, ukaanza mpango wa Duka la Dawa Muhimu: wauzaji walifunzwa, maduka yakakaguliwa, nayo yakaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti. Muuzaji akawa tena jirani anayejulikana, safari hii akiwajibika pia mbele ya sheria.

Basi ni wajibu wetu kuwafundisha vijana kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, kununua dawa katika duka lenye kibali, na kutoa taarifa dawa inapodhuru. Serikali haiwezi kuchunguza madhara ambayo wananchi wameyanyamazia.