Nyasi, Ng'ombe na Njaa ya Mtunya

Wasikilizaji wangu, asiyepata kufika Ugogo wakati wa kiangazi ni vigumu kusadiki kwamba nchi ile yaweza kulisha watu. Mvua ya Dodoma kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, nayo huja kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayosalia ni vumbi, mibuyu isiyo na majani, na nyasi kavu. Hata hivyo Wagogo wamekaa huko vizazi vingi, na katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora ilinunua chakula kwao, tena iliwalipa hongo. Nguvu ya kulisha wenyeji na wageni ilitoka wapi? Nataka kulijibu swali hilo, kisha nieleze jinsi nguvu hiyo ilivyokatwa katika miaka ya 1917 hadi 1920.

Asili ya chakula chetu ni jua. Majani hushika mwanga wake na kuugeuza kuwa mwili wa mmea. Mnyama alaye mmea huipata nguvu hiyo, walakini sehemu kubwa humpotea katika kutembea, kupumua na kutunza joto la mwili, na nyingine hutoka katika mavi yake. Mwaka 1942 zilichapishwa hesabu za Raymond Lindeman, Mmarekani aliyechunguza ziwa dogo katika jimbo la Minnesota. Na tangu hapo wataalamu huzoea kukadiria kwamba katika kila hatua ipitayo nguvu hiyo, yapata sehemu moja tu katika kumi ndiyo ifikayo mbele. Ng'ombe wakila nyasi zenye nguvu ya sehemu 1,000, huweka miilini mwao kadiri ya 100. Na mwanadamu alaye ng'ombe hubakiwa na 10.

Mtu akisikia hesabu hiyo aweza kusema, "Basi ufugaji ni hasara, afadhali watu wangalilima tu." Hayo ni makosa. Mwanadamu hawezi kula nyasi. Na katika Ugogo yako mapori mapana ambayo mtama hunyauka, lakini nyasi huota. Sehemu kumi zilizopatikana kwa ng'ombe ni bora kuliko elfu zilizopotea porini. Tena kile ambacho ng'ombe hakukiweka mwilini hakikupotea chote. Alikula nyikani mchana, akalala zizini usiku, na samadi yake ikatiwa katika mashamba ya uwele na mtama yaliyo karibu na tembe. Hivyo rutuba ya nyika ilikuja shambani kwa miguu minne.

Liko na jambo la tatu. Ng'ombe alikuwa ghala itembeayo. Mvua ikikosa, mfugaji alibadilisha mnyama kwa nafaka ya jirani aliyebahatika. Wengine waliweka ng'ombe wao kwa ndugu na rafiki wa mbali, ili ukame au maradhi ya mahali pamoja yasiwamalize wote. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya Mgogo ilikuwa ikila nyasi na kutoa maziwa. Sotoka iliyoenea Afrika Mashariki katika miaka ya 1890 iliiharibu akiba hiyo vibaya sana, lakini mifugo iliyosalia ilizaa tena.

Ndipo ilipokuja vita ya 1914. Reli ya Kati ilipita Dodoma, na kwa hiyo majeshi nayo yalipita. Wadachi walichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Majeshi ya Mwingereza yalipoingia Dodoma mwezi wa Julai 1916, nayo yakachukua vivyo hivyo. Tafadhalini tazameni kilichokatwa. Nafaka ilitoka ghalani. Ng'ombe walitoka zizini, na pamoja nao maziwa, samadi, na kitu cha kubadilisha. Wanaume walitoka shambani, na majembe yakakosa mikono. Kisha mvua ikakosa.

Njaa hiyo Wagogo waliiita Mtunya. Watu walichimba mizizi na kutafuta matunda ya porini. Wengi waliyaacha makao yao. Homa kuu ya mafua ya 1918 ikawakuta wamekwisha dhoofika. Inakadiriwa kwamba katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo walikufa 30,000, yaani mmoja katika kila watano. Ukame peke yake Wagogo walikuwa wameuzoea, maana ukame hukata pingu moja ya mnyororo na kuacha nyingine. Vita ilizikata zote kwa wakati mmoja.

Miaka 30 baadaye nchi hiyo hiyo ilitoa fundisho lingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga, na Kongwa ndipo palipoanziwa, ikitumaini kulima ekari zaidi ya milioni 3 ili kupata mafuta ya kula. Matrekta yaling'oa miti. Lakini udongo wa Kongwa ukikauka huwa mgumu kama tofali, na mvua haikutii mipango. Mwaka 1951 mradi uliachwa, zikiwa zimepotea pauni zipatazo milioni 36. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ilifanywa ranchi. Zikarudi nyasi, wakarudi na ng'ombe.

Basi, wasikilizaji wangu, atakaye kujua utajiri wa nchi kavu asihesabu magunia peke yake. Na aulize jua limeshikwa na mmea gani, mmea umeliwa na nani, na samadi imekwenda wapi. Na atakayelazimika kuchukua kitu, asichukue nafaka, mnyama na mkono wa mkulima kwa siku moja. Wale 30,000 hawakufa kwa kuwa Ugogo ni nchi maskini; walikufa kwa sababu kila kilichowasaidia kuishi katika nchi ngumu kiliondolewa kabla mvua haijakosa.