Uhakiki wa michezo: Kusoma tu kwatosha, au sharti kucheza?

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo ndiyo kiini cha mjadala wa siku nyingi miongoni mwa wahakiki wa michezo ya kuigiza inayochezewa mezani: je, mhakiki aweza kutoa hukumu kwa kusoma kijitabu tu, au ni lazima acheze kwanza?

Katika michezo hii, watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akajitwalia mhusika wake. Mwongozaji huwasimulia yanayowakuta, nao huamua watakalotenda. Pale ambapo matokeo hayana hakika, dadu hurushwa. Mchezo uliofungua njia ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotolewa Marekani mwaka 1974. Tangu hapo, visa vya kuchezwa vimekuwa vikiuzwa kama vijitabu.

Wanaotetea usomaji wana hoja nzito. Kisa kimoja huwa na njia nyingi, ilhali kundi moja hupitia njia moja tu. Msomaji huziona zote. Aidha, kucheza huhitaji watu kadhaa na pengine jioni nyingi. Isitoshe, mwongozaji hodari aweza kuficha kasoro za mwandishi, naye mzembe akaharibu kazi nzuri.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo karatasi haiyafichui. Je, wachezaji wakikosa dokezo moja, kisa chote hukwama? Je, uamuzi wao hubadilisha lolote, au mwisho umekwisha pangwa? Je, kila aliyeketi ana la kufanya? Ndivyo ilivyo hata kwa bao la Kiswahili. Aliyesoma kanuni atakueleza kuhusu mashimo 32, kete 64 na hatua za namua na mtaji, lakini hajui jinsi fundi anavyombana mpinzani hadi akakosa pa kupumulia.

Uzito wa swali hili huonekana zaidi mchezo unapogusa maisha ya watu. Mwaka 1995, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) lilitoa mchezo uitwao Passages, ambamo washiriki huigiza maisha ya wakimbizi, kuanzia kutoroka kwao hadi kuvuka mpaka na kuingia kambini. Mhakiki aliyeketi ofisini anaweza kuusoma mchezo wa aina hiyo na kuusifu kwa mpangilio wake.

Lakini tuuchukulie mchezo huo umefika Turkana. Mjini Lodwar, vijana ambao hawajawahi kukimbia vita huenda wakaicheza sehemu ya kutengana na jamaa huku wakicheka. Umbali wa kilomita zipatazo 120 kutoka hapo iko Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi kutoka Sudan, wakiwamo maelfu ya wavulana waliotembea bila wazazi. Huko, sehemu ile ile yaweza kumwangukia mtu aliyetengana na mamaye kwa kweli. Mmoja atafunzwa, mwingine atatoneshwa kidonda. Maneno ya kijitabu hayakubadilika hata herufi moja. Waliobadilika ni walioketi kukicheza.

Kwa hivyo, jibu la haki ni kutofautisha kazi mbili. Aliyesoma tu ana ruhusa ya kupima lugha, mpangilio na mantiki ya kisa, mradi atamke tangu aya ya kwanza kwamba hakucheza. Asithubutu kudai kwamba kisa kinasisimua, kinafunza au kinafaa kwa vijana, kwa maana hayo hujulikana mchezoni tu. Aliyecheza naye aeleze alicheza na nani, mara ngapi, na ni njia ipi waliyoifuata.

Na mchezo unaposimulia machungu ya watu walio hai, hata kucheza na marafiki hakutoshi. Mhakiki awatafute walioyapitia, awaulize kwanza iwapo wanaridhia kushiriki, kisha awasikilize kabla ya kushika kalamu. Wao ndio waliokilalia kitanda hicho.