Tumaini la uzima wa milele

Tumaini la uzima wa milele ni fundisho la Kikristo kwamba kifo hakimtengi mwamini na Mungu, na kwamba wafu watafufuliwa waishi mahali pasipo machozi wala maumivu. Msingi wake ni ufufuo wa Yesu, jambo ambalo Paulo analitetea kwa kirefu katika 1 Wakorintho 15. Madhehebu hulielewa tumaini hili kwa namna tofauti: Wakatoliki huwaombea marehemu, ilhali Waadventista huamini kwamba wafu wamelala hadi Kristo arudi.

Katika eneo la Eldoret, Kenya, fundisho hili lilijaribiwa vikali tarehe 1 Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, kanisa la Kenya Assemblies of God la Kiambaa lilipochomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Kwa waliofiwa namna hiyo, ahadi ya kuonana tena si pambo la mahubiri. Wala haikumwondolea mtu wajibu wa leo: Askofu Cornelius Korir wa Jimbo Katoliki la Eldoret aliwahifadhi maelfu ya wakimbizi katika uwanja wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, kisha akasimamia mazungumzo ya upatanisho vijijini. Alifariki Oktoba 2017.