Lochi wapya katika bwawa la ndani: kwa nini mgeni hutengwa kabla ya kukaribishwa

Samaki aina ya lochi hununuliwa kwa wingi na wafugaji wa samaki wa mapambo, hususani wenye mabwawa madogo ndani ya nyumba. Hata hivyo, samaki mmoja aliyeonekana mzima dukani anaweza kuangamiza bwawa lililotunzwa kwa miaka mingi. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika bwawa la samaki, mwenyeji hupona endapo tu mgeni atasubirishwa mlangoni.

Lochi ni samaki gani?

Lochi ni jina la jumla la samaki wadogo wa maji yasiyo na chumvi, wenye mwili mrefu na sharubu mdomoni, ambao huishi chini kabisa ya maji. Wengi wao asili yao ni Asia. Mkazi wa kandokando ya Ziwa Victoria akimwona kwa mara ya kwanza anaweza kumdhania kambare mchanga, ingawa samaki hao wawili hawana udugu wa karibu. Barani Afrika lochi ni wachache mno. Mmoja wao ni Afronemacheilus abyssinicus wa Ethiopia, anayejulikana kutoka Ziwa Tana na aliyeelezwa kisayansi mwaka 1902.

Anayefugwa zaidi pamoja na samaki wa dhahabu ni lochi wa Asia ya Mashariki, ambaye Wajapani humwita dojo na ambaye jina lake la kisayansi ni Misgurnus anguillicaudatus. Aghalabu hufikia urefu wa sentimita 15 hadi 20, ana sharubu kumi, na hustahimili maji ya ubaridi wa wastani kama yale wanayopendelea samaki wa dhahabu. Huko kwao, Uchina, Korea na Japani, ni kitoweo. Amepata pia sifa ya kutabiri hali ya hewa, kwa kuwa huhangaika na kuogelea huku na kule kanieneo ya hewa inapobadilika kabla ya dhoruba.

Lochi mwenye mistari myeusi juu ya rangi ya chungwa, atokaye Sumatra na Borneo, ni jamaa yake wa mbali na hafai kuchanganywa naye. Yeye huhitaji maji ya nyuzi joto 25 hadi 30 za Selsiasi, na anaweza kufikia sentimita 30. Kwa hiyo, mnunuzi hana budi kujua kwanza ni lochi yupi anayeuziwa.

Dojo ana uwezo mwingine unaowashtua wafugaji wapya: hupanda juu kwa kasi, akameza hewa, kisha akatoa viputo kwa nyuma. Kamongo hupumua hewa kwa mapafu, na kambare kwa kiungo kilicho juu ya matamvua. Dojo hutumia utumbo. Akifanya hivyo mara mojamoja, hakuna la kuhofia. Akifanya hivyo bila kupumzika, ni ishara kwamba oksijeni imepungua majini.

Maji kwanza, samaki baadaye

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Katika bwawa lililokomaa, bakteria waliomo ndani ya chujio huigeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa ikiwa maji hubadilishwa mara kwa mara. Bakteria hao huchukua takribani majuma manne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Bwawa lililojazwa maji jana linaweza kuonekana safi kama kioo ilhali haliwezi kuhifadhi uhai. Kabla ya kununua lochi, vipimo vya amonia na nitriti vyote viwili havina budi kusoma sifuri.

Maji ya bomba huwa na klorini, ambayo huunguza matamvua na kuua bakteria wa chujio. Klorini ya kawaida hutoka maji yakiachwa siku nzima huku yakipuliziwa hewa, lakini baadhi ya miji hutumia kloramini, ambayo haiondoki kwa njia hiyo. Dawa maalumu ya kusafisha maji, inayouzwa katika maduka ya samaki, ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Sakafu ya bwawa nayo ina umuhimu wake. Dojo hujifukia mchangani akiogopa au akipumzika, na magamba yake ni madogo mno, yamezama ndani ya ngozi. Kokoto zenye ncha humchubua, na mchubuko hufungua njia ya maradhi. Mchanga laini wa kina cha sentimita chache humtosha.

Safari ya mfukoni

Madukani samaki hufungwa katika mfuko wa plastiki wenye maji na hewa. Njiani huendelea kupumua na kutoa taka. Hewa ya ukaa hukusanyika, maji yakazidi kuwa na asidi, na asidi hiyo huifanya amonia isalie katika hali isiyo na sumu kali. Mfuko unapofunguliwa, hewa ya ukaa hutoroka, asidi hupungua, na amonia ile ile hugeuka sumu kali.

Hiyo ndiyo sababu ushauri wa kufungua mfuko na kuongeza maji kidogo kidogo kwa saa nzima unaweza kuleta madhara, hasa kwa samaki waliosafiri mbali. Utaratibu ulio salama zaidi ni kuelesha mfuko ungali umefungwa kwa dakika 15 hadi 30 ili joto lilingane, kisha kuufungua na kumhamisha samaki bila kukawia. Maji ya mfukoni humwagwa. Hayaingizwi kamwe katika maji ya nyumbani.

Ni vyema samaki ahamishwe kwa chombo laini badala ya wavu. Lochi wengi wana mwiba mdogo chini ya jicho ambao hunasa katika nyuzi, na ute unaolinda ngozi yao hutoka kwa kusuguliwa.

Majuma manne ya kutengwa

Mahali pa kwanza pa kumpeleka lochi mpya ni chombo cha karantini, si bwawa. Tangi dogo lenye kifuniko, pampu ya hewa, kipande cha bomba cha kujifichia na sifongo iliyokaa katika chujio la bwawa kwa majuma kadhaa vinatosha. Sifongo hiyo huja na bakteria wanaohitajika. Wavu na ndoo za karantini hazitumiki bwawani, na mikono huoshwa kila baada ya kazi.

Hatari inayofahamika zaidi ni ugonjwa wa madoa meupe, unaosababishwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Kimelea hiki hukua chini ya ngozi ya samaki, ambapo dawa haikifikii. Baadaye hudondoka sakafuni, hujigawa, na hutoa mamia ya watoto wanaoogelea kutafuta samaki mwingine. Dawa huwaua wakiwa katika hatua hii ya kuogelea pekee. Mzunguko huo hukamilika kwa siku chache katika maji ya nyuzi joto 25, lakini huchukua majuma kadhaa maji yakiwa baridi. Hivyo basi, siku tatu za kumtazama samaki hazithibitishi lolote. Majuma manne ndiyo kipimo cha busara, na zaidi ya hapo iwapo maji ni baridi.

Dalili za kuangalia ni hizi: vidoa kama chembe za chumvi, kujisugua kwenye vitu, mapezi yaliyobana mwilini, mabaka mekundu, na kupumua kwa haraka. Samaki anayekula vizuri lakini akazidi kukonda, hasa nyuma ya kichwa, yamkini ana minyoo tumboni.

Tahadhari kubwa yahitajika katika dawa. Kwa kuwa magamba yao ni hafifu, lochi huathiriwa upesi na dawa zenye shaba, fomalini au rangi ya kijani ya malakiti. Wafugaji wazoefu huanza na nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, huku wakiongeza hewa majini.

Siku ya kuingizwa bwawani

Kipindi cha karantini kikipita bila dalili yoyote, samaki huhamishwa jioni, taa zikiwa zimezimwa, baada ya wenyeji kulishwa. Dojo hupenda kuishi na wenziwe, kwa hiyo watatu au zaidi hutulia upesi kuliko mmoja.

Usiku wa kwanza ndio wa kutoroka. Lochi hupenya katika tundu dogo, hupanda mabomba na huruka ukingoni. Mdomo wa pampu na bomba la kutolea maji huzibwa kwa wavu mwembamba, na bwawa hufunikwa. Akikutwa sakafuni amekauka juu juu, asidhaniwe kuwa amekufa. Ute wake na uwezo wake wa kupumua hewa humwezesha kuishi nje ya maji kwa muda, na mara nyingine huwa bado yu hai.

Samaki wa dhahabu ni walafi na humaliza chakula kabla hakijafika chini. Chakula kinachozama, kikitolewa usiku, ndicho humfikia lochi.

Asiyetakiwa asitupwe mtoni

Sifa zinazomfanya dojo afugike kwa urahisi ndizo zinazomfanya awe tishio porini: hustahimili baridi, maji machafu na uhaba wa oksijeni. Nchini Australia, samaki hawa walioingizwa kwa ajili ya mapambo walienea mitoni, na uagizaji wao ukapigwa marufuku mwaka 1986. Nchini Marekani na Ujerumani pia wamejipatia makazi. Mataifa kadhaa yana sheria zinazozuia kumfuga au huhitaji kibali, na ni wajibu wa mfugaji kuzifahamu kabla ya kununua.

Kwa watu wa Maziwa Makuu funzo hili si geni. Sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960. Akaleta biashara kubwa, lakini pia akachangia kutoweka kwa aina nyingi za samaki wadogo waliokuwamo humo. Lochi asiyehitajika hurejeshwa dukani au hupewa mfugaji mwingine. Maji ya karantini nayo humwagwa kwenye bomba la maji taka, mbali na mto, ziwa au mfereji wa mvua.